Nilipokosea Ekari za Bibi: Takwimu, Amri za Ardhi na Daftari Lako

Wiki hii sitaandika juu ya ubwiri unga wala upogoleaji wa mikorosho. Kuna maswali mawili ambayo huulizwa kila msimu, tena na watu wa aina zote, mkulima na mfanyabiashara wa kijijini. La kwanza: "Bwana shamba, mbona serikali inatoa takwimu za mazao leo, kesho inazirekebisha? Tushike ipi?" La pili: "Mambo ya ardhi yamebadilishwa mara nyingi tangu enzi za baba zetu. Shamba langu mimi limesimama wapi?"

Kwa muda mrefu nilikuwa nayajibu mbalimbali. Siku hizi naona ni swali moja, na siwezi kulijibu vizuri bila kukueleza kosa nililolifanya mwenyewe. Sijapata kuliandika popote isipokuwa kwenye barua moja ya ofisini.

Ekari moja na nusu

Nilikuwa mgeni kazini, na diploma yangu ya kilimo bado inanukia karatasi mpya. Nilipangiwa kata ya korosho mkoani Mtwara. Kabla sijazoea hata njia za kwenda vitongojini nikapewa fomu za kuandikisha wakulima: jina, kijiji, ukubwa wa shamba, idadi ya mikorosho. Siku zilikuwa chache na mafuta ya pikipiki hayakutosha. Basi nikafanya jambo ambalo wengi wetu tunalijua na hatupendi kulisema. Nilikaa chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji, nikawa nauliza na kuandika. Shamba lililokuwa karibu na barabara nililiona kwa macho. La mbali nililikadiria.

Akaja bibi mmoja mjane, ameongozana na mjukuu wake wa kike. Nikamwamkia, kisha nikamuuliza, "Bibi, una ekari ngapi?"

Akanijibu, "Mjukuu wangu, ekari ni za kwenu nyie wa ofisini. Mimi nina mikorosho ya hapa nyumbani, na nina mikorosho ya mahame."

Ile ya nyumbani nilikuwa nimeipita asubuhi. Ya mahame ilikuwa ng'ambo ya bonde, mwendo wa karibu saa nzima kwa miguu. Nikatazama jua, nikatazama foleni ya watu. Nikaandika: ekari 1.5, mikorosho 40. Ya mahame nikajiambia nitaijazia siku nyingine. Siku hiyo haikufika.

Sasa sikiliza safari ya ile 40. Haikubaki kwenye fomu yangu. Ilijumlishwa na za jirani zake ikawa idadi ya mikorosho ya kijiji. Ya kijiji ikajumlishwa ikawa ya kata, ya kata ikawa ya wilaya, na ya wilaya ikapanda mkoani na taifani. Kutokana na idadi kama hizo ndipo hukadiriwa salfa kiasi gani iagizwe, msimu utatoa tani ngapi, magunia mangapi yahitajike, na nchi itegemee fedha za kigeni kiasi gani. Mtu anayezisoma kwenye meza ya mbali hajui kwamba nyuma ya tarakimu moja alikuwapo kijana aliyeogopa kuvuka bonde.

Kilo 1,640

Unaukumbuka msimu wa 2018. Wanunuzi walitoa bei za chini minadani, wakulima wakakataa kuuza. Novemba ile Rais John Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na Jeshi likapewa kazi ya kuisomba. Kwa mkulima ilikuwa habari njema. Lakini serikali ilikuwa na wasiwasi na kangomba, yaani wale wanaomfuata mkulima mwenye shida kabla ya msimu au katikati yake, wakanunua korosho yake kwa bei ya kutupa nje ya chama, halafu wakaja kuiuza kama yao. Ikaamuliwa kwamba mwenye zaidi ya kilo 1,500 ahakikiwe shamba lake kwanza ndipo alipwe.

Bibi alikuwa amepeleka chamani kilo 1,640.

Fanya hesabu kama alivyofanya yule mhakiki. Kilo 1,640 kwa mikorosho 40 ni kilo 41 kwa kila mti. Mkorosho uliotunzwa vizuri kijijini kwetu ukikupa kilo 15 unashukuru. Kwa mujibu wa kitabu, basi, bibi huyu alikuwa kangomba. Jina lake likawekwa pembeni. Na kitabu kile kilikuwa kwa mwandiko wangu.

Sikujua mpaka aliponifuata mwenyewe. Hakuja kunilaumu. Alikuja kuomba msaada, kwa sababu mimi ndiye mtu wa serikali aliyemfahamu. Akanionesha stakabadhi zake, amezifunga kwenye kipande cha khanga, kila karatasi ina uzito na tarehe. Akasema, "Bwana shamba, mzani ulikuwa wao, karani alikuwa wao. Kosa langu liko wapi?"

Mjukuu wake alikuwa amechaguliwa kuanza kidato cha kwanza Januari. Fedha ya korosho ndiyo ingenunua sare, godoro, sanduku na madaftari. Ilipochelewa, bibi aliweka rehani mikorosho 20 ya nyumbani kwa mwenye duka mmoja, akapewa laki mbili. Makubaliano yalikuwa mwenye duka avune mikorosho hiyo kwa misimu mitatu. Wewe unayefanya biashara kijijini unazijua rehani za namna hii, na pengine unazo mkononi sasa hivi. Mikorosho 20, kilo 15 kwa mti, misimu mitatu, ni kilo 900. Kwa laki mbili.

Mwenzangu mmoja alinishauri ninyamaze. Alisema wahakiki watapita wenyewe, wataona miti, mambo yataisha bila jina langu kutajwa. Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi nikamwambia bibi, "Twende mahame."

Mahame

Kwa msomaji wa mbali, mahame ni mahali palipohamwa: kijiji cha zamani kilichobaki na miembe, mikorosho na makaburi. Bibi alikuwa mwali aliyeolewa karibuni pale walipoambiwa wahame. Mikorosho ya upande ule ilipandwa na baba mkwe wake.

Tulihesabu kwa kutia alama ya mkaa kwenye kila shina ili mti mmoja usihesabiwe mara mbili. Tulipata mikorosho 72. Ukijumlisha na 40 ya nyumbani ni 112. Kilo 1,640 ukigawanya kwa 112 unapata kilo 14 na ushei kwa mti. Kiwango cha kawaida kabisa cha mtu anayepalilia na kupulizia salfa kwa wakati. Bibi hakuwa kangomba. Alikuwa mkulima mzuri ambaye nusu kubwa ya shamba lake haikuwamo kitabuni.

Nikaanza kupima kwa hatua. Sijafika mbali, akatokea mwanaume wa makamo na panga mkononi, si kwa shari, alikuwa akifyeka. Akauliza, "Bwana shamba, unapima nini? Huku baba yangu alipewa na kijiji wakati wa operesheni."

Hapo ndipo nilipogundua kwamba bonde lile niliogopa kulivuka kwa sababu ya jua tu, kumbe lilikuwa na jambo kubwa zaidi ndani yake. Takwimu yangu mbovu ilikuwa imekaa juu ya swali la ardhi ambalo halijajibiwa tangu miaka ya sabini.

Amri ilivyoacha alama kwenye takwimu

Naomba univumilie nikueleze historia hii kwa kifupi, kwa sababu inakuhusu hata kama huna mkorosho hata mmoja.

Miaka ya sabini serikali iliwahamisha watu kutoka kwenye makazi yaliyotawanyika na kuwaweka katika vijiji vya pamoja. Ndiyo Operesheni Vijiji. Nia ilikuwa shule, zahanati na maji. Lakini mkorosho hauhami. Watu walipelekwa mbali na miti yao, na mti usiofyekwa chini wala kupogolewa huzeeka kwa hasira. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilipata karibu tani 145,000 za korosho. Msimu wa 1986/87 zilikuwa kama tani 16,500. Kulikuwa na sababu nyingine pia: ugonjwa wa ubwiri unga, bei ndogo kwa mkulima, malipo ya kuchelewa. Lakini kuhamishwa kulichangia, na wazee wa Kusini hawahitaji kusoma popote ili kulijua hilo. Amri ya ardhi iliandikwa mwaka mmoja, alama yake ikaonekana kwenye takwimu za biashara miaka kumi baadaye.

Baadaye watu wakaanza kurudi mahame kutunza mikorosho yao. Likazuka swali: nani mwenye shamba, yule wa zamani au yule aliyegawiwa na kijiji? Mwaka 1992 ikatungwa sheria iliyofuta haki za kimila za zamani katika vijiji vilivyoanzishwa kwa operesheni, bila fidia, na ikafunga njia ya kwenda mahakamani. Mkulima mmoja wa mkoani Arusha, Lohay Akonaay, pamoja na mwanawe Joseph, hawakukubali. Kesi ilifika Mahakama ya Rufani, na mwaka 1994 mahakama hiyo ikatamka kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba. Mtu hawezi kunyang'anywa bila fidia ya haki. Vifungu vilivyokwenda kinyume na hapo vikaanguka.

Ikaja Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001. Ndiyo tunayoitumia mpaka leo, pamoja na marekebisho yake. Mambo matatu ndani yake uyashike.

Kwanza, haki ya kimila ina uzito sawa na hati iliyotolewa na serikali. Usikubali kuambiwa shamba la kimila ni shamba la nusu.

Pili, mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanaume. Mila inayomnyima haiwezi kusimama mbele ya sheria hiyo.

Tatu, na hili wengi hawalijui, sheria ilithibitisha kwamba ugawaji wa ardhi uliofanyika kati ya tarehe 1 Januari 1970 na tarehe 31 Desemba 1977, wakati wa kuwahamishia watu vijijini, ni ugawaji halali, na kwamba haki za mwenye eneo wa zamani zilifutika kwa ugawaji huo.

Soma tena hilo la tatu ukimfikiria bibi. Kama ni kweli baba wa yule bwana aligawiwa eneo lile mwaka 1974, bibi angepoteza. Kama ugawaji haukufika pale, bibi ni mwenye shamba. Sheria ilikuwa wazi. Kisichokuwa wazi kilikuwa mpaka, na mpaka haukuandikwa Dodoma wala Dar es Salaam. Ulikuwa kwenye vichwa vya wazee watatu.

Wazee watatu na mkwaju

Mwenyekiti wa kijiji aliliita Baraza la Ardhi la Kijiji. Baraza hili kazi yake ni kusuluhisha. Kwa sheria lina wajumbe saba, na wasiopungua watatu ni wanawake. Waliitwa wazee waliokuwapo wakati wa operesheni. Mmoja aliletwa kwa baiskeli, amekaa nyuma, macho hayaoni vizuri. Tukaenda nao mpaka mahame.

Yule asiyeona vizuri ndiye aliyetuokoa. Aliuliza, "Mkwaju bado upo?" Akaambiwa upo. Akasema, "Tuligawa kuanzia mkwaju kushuka mtoni. Juu ya mkwaju hatukugawa, kulikuwa na makaburi na mikorosho ya watu." Wawili wengine wakakubali. Yule bwana mwenye panga akanyamaza kidogo, kisha akasema baba yake naye alikuwa akiutaja mkwaju ule, ila yeye alidhani ni mwingine uliokatwa. Hakuwa mwizi. Alikuwa amerithi maneno bila karatasi, sawasawa na bibi.

Mpaka ukawekwa kwenye mkwaju. Wakapanda miti mingine ya alama mbele ya majirani wa pande zote, mtendaji akaandika muhtasari, wote wakatia saini na wasiojua kuandika wakaweka dole gumba. Shamba la mahame likapimwa: ekari 2.5. Bibi alikuwa na ekari 4 kamili, mimi nilimpa moja na nusu.

Nikaandika barua ya kurekebisha taarifa. Nilieleza kwamba kosa ni langu, si la mkulima, nikaambatisha muhtasari na hesabu ya miti. Nilipata barua ya onyo, na niliistahili. Bibi alilipwa mwezi wa tano mwaka 2019. Alinipelekea kuku, nikamrudishia kwa heshima, nikamwambia anayedaiwa ni mimi.

Lakini rehani ilibaki rehani. Mwenye duka alikuwa na makubaliano yake na mashahidi wake, hakuvunja sheria yoyote. Misimu mitatu bibi alipita asubuhi kwenda mahame akimwangalia mtu mwingine anaokota korosho mlangoni kwake. Takwimu niliirekebisha kwa kalamu siku moja. Zile kilo 900 hazikurekebishika. Na yule mzee aliyeuliza habari za mkwaju alifariki kabla mwaka haujaisha. Kama ningechelewa msimu mmoja zaidi, sijui tungemuuliza nani.

Kwa nini serikali hurekebisha takwimu

Sasa nirudi kwenye swali lako. Takwimu za taifa hurekebishwa kwa sababu nyingi, na nyingi si za hila.

Korosho huvunwa kuanzia mwishoni mwa mwaka na kusafirishwa mpaka mwanzoni mwa mwaka unaofuata. Mtu anayehesabu kwa msimu na anayehesabu kwa mwaka wa kalenda hawawezi kupata jibu moja, na wote wawili wanasema kweli. Korosho hukauka ghalani, uzito uliopimwa chamani si ule utakaopimwa bandarini. Sisi tunahesabu korosho ghafi, mwingine anahesabu iliyobanguliwa, na inahitajika kama kilo nne mpaka tano za ghafi kupata kilo moja ya kokwa. Nchi inayouza huandika bei ya mzigo ukiwa bandarini kwake, nchi inayonunua huongeza nauli na bima. Ndiyo maana kiasi tulichoandika sisi na kilichoandikwa India au Vietnam huwa hakilingani mpaka watu wakae wayalinganishe. Ukitazama majedwali ya Benki Kuu utaona herufi ndogo pembeni: p kwa takwimu za awali, r kwa zilizorekebishwa. Wenyewe wanakuambia mapema kwamba hii bado inapikwa.

Mwaka 2014 Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilibadilisha mwaka wa kulinganishia hesabu za pato la taifa kutoka 2001 kwenda 2007, na uchumi ukaonekana mkubwa kwa zaidi ya robo. Hakuna mkulima aliyelala maskini akaamka tajiri. Shughuli zilikuwapo siku zote, hazikuwa zimehesabiwa, kama mikorosho 72 ya mahame.

Hata sheria hurekebishwa. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilibanwa ikawa kosa kutangaza takwimu zinazopinga za serikali, na mwaka 2019 ikarekebishwa tena kulilegeza hilo. Kwa hiyo usiogope kumwambia mtu wa ofisini, kwa adabu na kwa ushahidi, kwamba shamba lako limeandikwa vibaya.

Mimi siku hizi naiogopa zaidi takwimu ambayo haijawahi kurekebishwa. Ile 40 yangu ilikaa kitabuni zaidi ya mwaka, nadhifu, haina mkwaruzo, na kila aliyeisoma aliiamini.

Ufanye nini kuanzia kesho

Usisubiri operesheni nyingine, uhakiki mwingine, wala sheria nyingine. Vitakuja, ndivyo serikali zinavyofanya kazi. Swali ni vitakukuta na nini mkononi.

Pima shamba lako mwenyewe. Ekari moja ni hatua 70 kwa hatua 70 za mtu mzima. Usichanganye ekari na hekta: hekta moja ni karibu ekari mbili na nusu. Nimeona fomu ambapo mtu wa ekari 4 ameandikwa hekta 4, akawa mkulima mkubwa kwenye karatasi na kupata usumbufu wa mkulima mkubwa.

Hesabu miti kwa alama ya mkaa au chokaa, na uandike mingapi inazaa na mingapi bado michanga. Shamba lako likiwa vipande viwili au vitatu, kila kipande kiandikwe peke yake na jina la mahali. Afisa akija kuandikisha, mwambie avitaje vyote, na usiondoke mezani mpaka amekusomea alichoandika. Akikasirika, mwambie umetumwa na bwana shamba.

Nunua daftari la shilingi mia chache. Kila uzito uliopimwa, tarehe, namba ya stakabadhi na fedha iliyoingia, viwekwe humo siku hiyohiyo. Stakabadhi zipige picha kwa simu ya kijana wako, karatasi huliwa na mchwa.

Kwa mfanyabiashara: andika kwa kilo, usiandike kwa gunia. Gunia la lumbesa ukiliandika kama gunia moja unajidanganya wewe, unamwibia mkulima, na unaipotosha hesabu ya wilaya. Na ukichukua rehani ya miti, andikeni idadi ya miti, misimu na kiasi cha fedha mbele ya mtendaji. Na ukipata nafasi, jiulize kama kilo 900 kwa laki mbili unaweza kuzieleza mbele ya wajukuu zako.

Kuhusu ardhi, kama kijiji chenu kina cheti cha ardhi ya kijiji na masjala, omba hati ya hakimiliki ya kimila. Majirani wa mipaka yote washuhudie, na majina yote yanayostahili yawemo, la mke na la watoto wa kike wakiwamo. Kama kijiji bado hakijafika hapo, muhtasari wenye saini za majirani na wajumbe ni mwanzo mzuri. Na kama shamba lako lina historia ya mahame, waite wazee wiki hii. Wakalishe, wape chai, waulize mkwaju uko wapi, halafu uandike.

Bibi alipata hati yake miaka miwili baada ya yale yote. Aliomba liandikwe jina lake na la mjukuu wake pamoja. Mjukuu yule sasa ndiye anayeshika daftari la shamba. Mara ya mwisho nilipokwenda kukagua salfa alinikaribisha kiti, akalifungua, akanisomea mikorosho 112, iliyokufa 3, michanga 9. Kisha akanitazama na kusema, "Bwana shamba, twende ukaione. Ya mahame pia."

Tulivuka bonde. Tuonane shambani.